NENO LA MSAFIRI KWA MSAFIRI



Miji yetu miwili, Busia na Tororo, ni miji ya watu wapitao. Usiku na mchana malori yapita yakielekea Kampala, Kigali, Juba na Kongo. Mabasi yateremsha abiria usiku wa manane. Wafanyabiashara wavuka asubuhi na kurudi jioni. Kila mmoja wao ana maswali yaleyale. Nitalala wapi? Chakula kizuri ni wapi, na bei gani? Mpakani wataka karatasi gani? Nibadilishe fedha wapi nisipunjwe? Zamani maswali hayo aliulizwa kondakta au mama mwuza chai. Siku hizi mtu huiuliza simu yake kabla hajaondoka nyumbani, nayo simu humjibu kwa maneno ya wasafiri waliomtangulia.

Maneno hayo ndiyo yaitwayo maoni ya wasafiri. Katika makala haya nataka kueleza yalikotoka, namna ya kuyasoma, na namna ya kuyaandika. Nimeona kwamba wengi wetu huyasoma kana kwamba ni amri, na ni wachache sana wayaandikao. Mambo hayo mawili yana hasara, nami nitaionyesha.

DESTURI HII SI NGENI

Mtu asidhani kwamba kupashana habari za safari kumeletwa na intaneti. Ibn Battuta, mwenyeji wa Tangier, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Kitabu cha safari zake kilikamilika mwaka 1355, na ndani yake alieleza mambo ambayo msafiri wa leo angependa kuyajua: kwamba watu wa Mombasa chakula chao kilikuwa ndizi na samaki, kwamba nafaka yao ililetwa kutoka bara, na kwamba misikiti yao ilijengwa kwa mbao madhubuti. Hakuishia kusema Mombasa ni pazuri au pabaya. Alisema alichokiona, na kwa sababu hiyo maneno yake yana faida hata leo.

Karibu zaidi na kwetu yuko Ham Mukasa. Mwaka 1902 alifuatana na Katikiro Apolo Kagwa kwenda Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Walivuka ziwa, wakapanda gari la moshi hadi Mombasa, kisha wakaingia melini. Habari za safari hiyo aliziandika kwa Kiganda ili watu wa kwao wajue, na tafsiri ya Kiingereza ikatolewa mwaka 1904. Inafaa tukumbuke pia kwamba mwaka huohuo wa 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulitolewa ukaunganishwa na nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Ndipo mpaka ulipokuja kupita hapa petu, ukawagawa Wasamia na Wateso, hawa huku na ndugu zao kule.

Mfano wa tatu ni wa Nairobi. Mwaka 1959 Hoteli ya Stanley ilifungua mkahawa uliokuwa na mti wa miba uani. Wasafiri waliokuwa wakipita walizoea kubandika vikaratasi penye mti huo: huyu amwambia rafiki yake ameelekea wapi, yule atafuta mtu wa kuchangia gari, mwingine aonya juu ya njia mbovu. Mwaka 1996 kampuni ya Lonely Planet, ichapishayo vitabu vya kuongoza wasafiri, ilifungua baraza lake la mazungumzo katika intaneti, ikaliita kwa jina la mti huohuo wa Nairobi. Basi mtu akituambia kwamba mambo haya ni ya Wazungu tu, tumjibu kwamba jina la baraza lao moja mashuhuri lilitoka Afrika ya Mashariki.

Mwaka 2000 ilianzishwa Tripadvisor huko Marekani. Mwanzoni waanzilishi walikusudia kukusanya maandishi ya magazeti na ya vitabu vya safari, lakini waliweka pia nafasi ya msafiri wa kawaida kuandika lake. Punde si punde watu wakapenda maneno ya wasafiri wenzao kuliko ya mabingwa. Siku hizi wako wengi wafanyao kazi hiyo. Google Maps humwonyesha mtu ramani, na juu ya ramani kila duka na kila nyumba ya wageni ina nyota zake, kuanzia moja hadi tano. Booking.com hupokea maoni ya wale tu waliopangisha chumba kwa kupitia kwake, na hutoa alama hadi kumi.

KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU

Mpaka ni mahali ambapo mgeni asiyejua huumia upesi. Hata neno boda-boda, ambalo sasa limeenea Afrika nzima ya Mashariki, husimuliwa kwamba lilizaliwa hapa Busia, kwa vijana wa baiskeli waliowachukua abiria kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili. Wale vijana waliuza mwendo, lakini waliuza na habari pia. Ukikaa nyuma ya baiskeli waliweza kukuambia ofisi gani imefungwa na mbadilisha fedha gani ni mwaminifu. Aliyekutana na kijana mwema alifika salama, na aliyekutana na mjanja alilia.

Yako mambo matatu ya hapa kwetu ambayo humpotosha mgeni kila siku, na ambayo mwenyeji hayafikirii kabisa.

La kwanza ni jina. Ziko Busia mbili, moja ya Kenya na moja ya Uganda, na zatazamana. Mtu akiandika tu kwamba alilala Busia pazuri, msomaji hajui ni ng'ambo ipi. Mgeni aweza kulipia chumba akiwa Kisumu, akafika usiku, kisha akagundua kwamba kitanda chake kiko nchi nyingine.

La pili ni fedha. Nchi zote mbili hutumia shilingi, lakini shilingi moja ya Kenya hupata zaidi ya shilingi ishirini za Uganda. Shilingi 3,000 za Kenya zaweza kukupatia chumba kizuri na chai ya asubuhi. Shilingi 3,000 za Uganda zaweza kukupatia chapati iliyoviringishwa na mayai, ile iitwayo rolex, ukashiba ukaenda zako. Basi aandikaye bei bila kutaja nchi hajasema neno.

La tatu ni saa. Sisi tukisema basi laondoka saa mbili asubuhi, mgeni asiyezoea hesabu yetu husoma mbili, akadhani ni kabla ya jogoo kuwika. Tukiandika kwa ajili ya wageni yafaa tuongeze maneno mawili, kwamba ni saa mbili baada ya jua kuchomoza, au tutumie hesabu ya saa za kizungu na kusema wazi kwamba ndiyo tuliyoitumia.

JINSI YA KUSOMA

Wahenga walisema, akili ya kuambiwa changanya na yako. Nami naona ziko njia nne za kuchanganya.

Kwanza, tazama tarehe. Hapa mpakani habari za zamani zaweza kukudanganya ingawa mwandishi wake alikuwa mkweli. Msafiri aliyepita Busia mwaka 2015 aliandika, kwa haki kabisa, kwamba ni lazima kugonga mhuri wa kutoka katika ofisi za nchi moja, kisha kwenda kugonga wa kuingia katika ofisi za nchi ya pili. Lakini tarehe 24 Februari 2018 Marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia. Tangu hapo atokaye Kenya hupita moja kwa moja hadi jengo la upande wa Uganda, na humo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, huyu akitoa ruhusa ya kutoka na yule ya kuingia. Aendaye Kenya naye hufanya hivyo katika jengo la upande wa Kenya. Vilevile, tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda waweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na mgeni atokaye mbali aweza kununua viza moja ya utalii kwa nchi hizo tatu kwa dola 100. Tena mwanzoni mwa mwaka 2024 Kenya iliacha viza, ikaweka badala yake idhini ya safari iombwayo kwa intaneti, ambayo raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahitaji. Kwa hiyo karatasi ya mpakani iulizwe kwa serikali yenyewe, na maneno ya wasafiri yatumiwe kwa mambo ambayo serikali haiyaandiki: urefu wa foleni, pa kukaa, pa kula.

Pili, tazama hesabu. Nyota zionyeshwazo juu ya jina ni wastani, na wastani wa watu wachache huyumba kama mtumbwi mdogo. Chukua nyumba yenye maoni matatu, yote ya nyota tano. Akija mtu mmoja akatoa nyota moja, wastani washuka kutoka 5 hadi 4. Sasa chukua nyumba yenye maoni 99 ya nyota tano. Akija mtu yuleyule na nyota yake moja, wastani washuka hadi 4.96 tu. Mtu ni mmoja na hasira ni ileile, lakini mmoja ameumizwa na mwingine hakusikia hata mchubuko. Basi kabla ya kuhukumu nyota, uliza zimetolewa na watu wangapi. Katika miji mikubwa maoni ni maelfu. Katika miji yetu mara nyingi ni machache ya kuhesabika kwa vidole.

Tatu, tazama mwandishi ni nani na alitaka nini. Mzee mwenye gari lake atalalamika kwamba hapana pa kuegesha. Mwanafunzi atembeaye kwa miguu halimhusu. Mtalii atasema mtaa una kelele za malori. Dereva wa lori atasema mahali ni pazuri kwa sababu alilala akiliona lori lake. Wote wawili wasema kweli. Wewe mtafute afananaye nawe.

Nne, tafuta jambo lirudiwalo. Mtu mmoja akisema alitiwa maji baridi badala ya moto, labda ni bahati yake siku ile. Watu sita wasiojuana, katika miezi mbalimbali, wakisema mlango haufungi sawasawa, basi mlango haufungi.

NJIA YA MWONGO NI FUPI

Sasa nije kwenye ubaya wa jambo hili. Mwaka 2017, mwandishi mmoja wa London, Oobah Butler, aliamua kujaribu. Alikuwa akiishi katika kibanda uani mwa nyumba huko Dulwich. Akakiandikisha kibanda hicho katika Tripadvisor kana kwamba ni mkahawa, akapiga picha za vyakula ambavyo havikuwa vyakula, akawaomba rafiki zake waandike sifa. Hapakuwa na meza wala mpishi. Walakini, mnamo Novemba mwaka huohuo kibanda kile kilionyeshwa kuwa mkahawa wa kwanza kwa ubora katika London nzima, na watu wakawa wanapiga simu kuomba nafasi. Kisha mwenyewe akatoboa siri.

Kisa hicho chachekesha, lakini chafundisha. Uongo ulioandikwa na watu wachache wenye juhudi waliwapotosha watu wa mji wenye mamilioni. Sembuse Tororo, ambako maoni matano yatosha kumfanya mtu awe wa kwanza mjini? Ndiyo maana nchi nyingine zimeweka sheria. Marekani ilianza kutumia kanuni ya kukataza maoni ya uongo na ya kununuliwa mnamo Oktoba 2024, na Uingereza ikafuata kwa sheria yake mnamo Aprili 2025.

Lisidhaniwe kuwa ni jambo la ng'ambo tu. Likizo iliyopita mtu mmoja mwenye nyumba mpya ya wageni, ambaye simtaji, aliwaahidi vijana kadhaa wa darasa letu soda na chipsi kwa kila atakayeandika nyota tano. Hawakuwa wamelala humo hata usiku mmoja. Ukazuka ubishi mkubwa katika bweni. Wengine walisema, "Kuna ubaya gani? Yule apata wageni, sisi twapata chakula, na hakuna aliyeibiwa." Hoja hiyo yaonekana ina nguvu, lakini haina. Aliyeibiwa yupo, ila hayuko mbele yetu tumwone. Ni mama atakayeshuka basini usiku pamoja na watoto, akaenda mahali palipoandikwa pana mlinzi na maji, akakuta hakuna mlinzi wala maji. Na wa pili aliyeibiwa ni jirani mwaminifu mwenye nyota nne za kweli, ambaye sasa amewekwa nyuma ya nyota tano za chipsi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

NYOTA MOJA YAWEZA KUUMIZA

Niwape kisa kingine, cha upande wa pili. Shangazi yangu ana nyumba ndogo ya wageni ya vyumba vinane. Kwa nyumba hiyo amewasomesha watoto wake watatu tangu mumewe alipofariki. Katika ramani ya simu nyumba yake ilikuwa na maoni mawili tu, moja la nyota tano na moja la nyota nne. Siku moja bomba lilipasuka barabarani, mtaa mzima ukakauka. Shangazi alibeba madumu ya maji kwa mkono wake hadi kila chumba. Mgeni mmoja akaondoka asubuhi bila kusema neno, kisha akaandika: "Hakuna maji. Msiende." Nyota moja.

Hesabu ikafanya kazi yake: kutoka nne na nusu, nyumba ikashuka hadi tatu na kitu. Mwezi uliofuata watu kumi na wawili wa semina waliotarajiwa wakapelekwa kwingine, kwa sababu aliyewapangia aliitazama simu yake. Fedha ile ilikuwa ndiyo karo ya muhula.

Yafaa tuwe wenye haki. Yule mgeni hakusema uongo, maji hayakuwapo. Lakini alisema nusu. Hakusema ni siku gani, wala kwamba ni mtaa mzima, wala kwamba aliletewa dumu mlangoni. Na neno "msiende" si habari, ni hukumu, tena hukumu ya milele kwa kosa la siku moja.

Binamu yangu alitaka tuandike maoni kumi ya sifa kwa majina ya kubuni ili kuifunika ile nyota. Shangazi akakataa. Alisema, "Nikikubali uongo mara moja, hata ukweli wangu hautaaminika." Badala yake aliniomba nimsaidie kujibu, kwa kuwa mwenye nyumba huruhusiwa kujibu, na jibu husomwa na wote. Tukaandika hivi: "Ahsante mgeni wetu. Ni kweli, usiku ule bomba la barabarani lilipasuka. Tulikuletea madumu mawili, lakini twajua hayo si sawa na maji ya bomba. Tangu mwezi uliopita tuna tangi la lita 2,000. Karibu tena." Kisha, bila kuwapa watu chochote, aliwaomba wageni waliolala kwake kweli waandike waonavyo. Baada ya muda walikuwa wameandika wanane: wanne walitoa nyota tano na wanne nyota nne. Leo wastani wake umepita nne kidogo. Ile nyota moja ingalipo, wala hakuomba ifutwe. Yeye mwenyewe husema ndiyo iliyomnunulisha tangi.

JINSI YA KUANDIKA

Tazama maneno haya: "Tororo ni mji mzuri sana. Nilifurahi mno. Nyota tano." Msomaji amepata nini? Hakupata kitu. Sasa tazama haya:

"Nilipanda Mlima wa Tororo mwezi wa Agosti, siku ya Jumamosi, pamoja na wenzangu wawili. Tulianza mapema kabla ya jua kali, tukafika juu kwa muda wa saa moja hivi. Sehemu ya juu ni jiwe tupu, na pana ngazi za kupandia. Mtu aogopaye urefu atapata taabu. Mvua ikinyesha jiwe lateleza, afadhali kungoja. Chukua maji. Kileleni kuna milingoti ya mawasiliano, na mbingu ikiwa safi Mlima Elgon huonekana upande wa kaskazini mashariki."

Huyu wa pili hakutumia neno moja la sifa, lakini msomaji ajua kama aende au asiende, lini, na abebe nini. Mlima ule ni wa meta 1,483 juu ya usawa wa bahari, na kila mwenye macho auona kutoka mjini; hahitaji kuambiwa kwamba ni mzuri. Ahitaji kuambiwa juu ya ngazi na utelezi.

Kwa hiyo, atakaye kuandika na ayakumbuke haya:

1. Andika mahali ulipofika wewe mwenyewe, wala si ulipohadithiwa.

2. Taja mwezi na mwaka, na upande wa mpaka.

3. Taja bei na shilingi ya nchi gani, na bei hiyo yaleta nini: chandarua, chai, maji ya moto, jenereta.

4. Tenga uliyoyaona na unayoyaona moyoni. "Taa zilizimika saa tatu hadi saa tano usiku" ni jambo ulilolishuhudia. "Mahali pa hovyo" ni moyo wako.

5. Ukiwa na malalamiko, mwambie mwenyeji kabla hujaondoka. Huenda akayatengeneza saa ileile. Akikataa, andika na kukataa kwake.

6. Usiandike ukiwa na hasira. Lala kwanza.

7. Usitaje jina la mhudumu kwa ubaya, wala usitie picha ya watu ambao hawakukuruhusu, hasa watoto. Msichana wa mapokezi aweza kufukuzwa kazi kwa sentensi uliyoiandika ukingojea basi. Lakini akikutendea wema, mtaje, atafurahi.

8. Ukiombwa rushwa au ukiibiwa, habari hizo zipelekwe kwa wenye mamlaka. Kwa wasafiri wenzako andika namna ya kujikinga: omba risiti, hesabu fedha zako mbele ya aliyekupa, usimpe mtu wa njiani pasipoti yako.

9. Usiandike mahali ulipo wakati ungalipo, kwa maana si kila msomaji ni mwema. Ngoja uondoke.

KWA WENZANGU, NA KWA NDUGU ZETU MLIOTUTANGULIA

Nimepekua habari zilizoandikwa juu ya miji yetu, nikaona kwamba sehemu kubwa zimeandikwa na watu waliokaa saa chache. Wamesema vumbi, malori na kelele. Ni kweli vipo. Lakini hawakusema kwamba hapa mtu aweza kusikia Kisamia, Kiteso, Kidhopadhola, Kiganda na Kiswahili katika soko moja. Hawakuona wale watu walemavu ambao kwa baiskeli zao za magurudumu matatu huvusha mizigo ya biashara mpakani, wakajitegemea wao na nyumba zao. Hawakujua pa kula kalo na samaki wa ziwani. Hawakukaa. Walioko ndio wajuao, na walioko tumenyamaza. Asiyesema lake husemewa, na asemewaye hachagui maneno.

Wanafunzi wa zamani wa shule hii wametawanyika. Wako waendeshao malori hadi Bujumbura, wako walimu Mbale na Bungoma, wako wauguzi waliokwenda Uarabuni na Uingereza. Ndugu zetu wakubwa, ninyi mwajua basi lipi lafika kwa saa yake na nyumba ipi ina mlinzi macho. Mkiandika sentensi nne za kweli baada ya kila safari, kijana atokaye hapa kwa mara ya kwanza akiwa na sanduku la bati na karo ya chuo mfukoni hatakuwa mgeni kabisa huko aendako. Mwaweza kuandika kwa Kiswahili pia; mashine za kutafsiri siku hizi zaelewa Kiswahili, na mwenzako wa Mwanza au Goma hatahitaji mashine.

Nasi tulio shuleni tuanze na jambo dogo. Kila mmoja achague mahali pamoja hapa mtaani apajuapo kweli: mkahawa, kituo cha matatu, duka la dawa lililo wazi usiku. Aandike jina lake sawasawa, upande wake wa mpaka, saa zake na bei zake, kisha mwenzake apitie aone kama yote ni kweli kabla hayajapelekwa. Tukiwa thelathini tutakuwa na mahali thelathini. Kwa mji wetu hilo si jambo dogo, na mgeni ashukaye usiku wa manane ataanza kulitumia siku hiyohiyo.